Kahawa ya Afisa

Tarehe 4 Machi 2019, Arpine Galstyan wa Glendale, California, alianza kulipwa na serikali kwa kumtunza mama yake nyumbani. Dada yake, Nune, alishikwa na wivu.

"Mimi nilimwogesha bure miaka yote. Wewe mwenzangu unalipwa kumwogesha mama yako?"

"Nani alikukataza kuomba, dada?"

Wiki iliyopita afisa wa malipo hayo alikuja kupima kama mama bado anahitaji kutunzwa. Arpine alipokwenda kuleta dawa, Nune akasema kwa upole, "Mama, mgeni hajapewa kahawa."

Hakuna mama wa Kiarmenia anayevumilia aibu hiyo. Akainuka akitetemeka, akaipika mwenyewe. Afisa akaandika kwamba anajiweza.

Kuanzia Jumatatu malipo yanapunguzwa nusu. Arpine anarudi kwenye kazi aliyoiacha, na asubuhi Nune ndiye atakayemwogesha mama.