Nafasi ya Sauti Arobaini na Moja

Shangazi yangu ni msoma mita wa maji. Miaka kumi na minane sasa anapiga magoti kwenye mageti ya watu, anafuta matope kwenye vioo vya mita na kuandika namba. Mbwa wa mtaa mzima wanamjua. Wawili tu ndio bado wana kiburi.

Simu yake ni kuukuu, lakini kazi ilikuwa inakwenda. Alikuwa akifungua ukurasa wa idara ulio mtandaoni, na hata mtandao ukikatika, ukurasa ulizitunza namba na kuzituma baadaye. Haukula nafasi ya maana. Nafasi ilikuwa imeliwa na sauti arobaini na moja za kaka yake, marehemu baba yangu, alizomtumia akiwa kitandani hospitali. Nyingi ni za utani: "We mtu wa maji, leo umeoga?"

Halafu meneja wa idara akajitia ujuaji.

"Tunataka app ya kweli, ya kupakua, kama wenzetu," alitangaza. Asiyekuwa nayo hadi saa sita mchana hapewi mtaa wa kusoma.

Simu ya Shangazi ikagoma: nafasi haitoshi.

"Bosi, nipe mpaka kesho," akaomba. "Kuna sauti za marehemu humu. Mwanangu, mtoto wake huyo marehemu, atazihamisha kwanza."

"Mama, usitucheleweshe." Meneja akaichukua simu, akampa fundi wa kompyuta. Fundi akabonyeza futa. Nilihangaika wiki nzima kuzirudisha, wapi! Mpaka leo mori unanipanda, na kama ningekuwepo ningemzaba mtu kibao.

App ikafunguka. Kitufe kilekile cha kijani, maswali yaleyale.

"Mbona ni kilekile?" Shangazi akauliza.

Fundi akainamisha kichwa. "Ni ukurasa uleule, mama. Tumeuvika koti tu."

"Kwa hiyo hilo koti ndilo limemtoa kaka yangu?"

Meneja akatazama saa yake.

Wiki ya pili ikagundulika kwamba app, tofauti na ukurasa wenyewe, haifunguki pasipo mtandao, na nusu ya mageti yako bondeni, mtandao usikofika. Meneja akaagiza wote warudi kwenye ukurasa wa zamani. Samahani hakusema. Shangazi akaifuta app mbele yangu, mezani kwetu. Simu ikamwandikia kwamba sasa ana nafasi ya kutosha.