Bwawa la Shemeji Nikolaus

Nikolaus kamuoa dada yangu Flavia, kwa hiyo kumtania ni haki yangu. Mtu huyu anakula! Ugali wa watu watatu anaumaliza huku anauliza kama mboga imebaki, na bado mwembamba kama mwiko. Suruali anaifunga kwa kamba ya katani.

Tulipohamia kijiji cha Ujamaa huku Goweko, yeye alipewa kutunza bwawa la samaki. Weee, alilipenda! Kila asubuhi aliwamwagia perege pumba, akiwajulia hali kwa heshima kama wakwe zake. Siku ya kuvua tukashangaa: samaki wa umri mmoja, pumba zilezile, lakini huyu kama kiganja, yule kama kidole gumba.

Mwenyekiti wetu, mzee Lugembe, akapandwa na hasira. "Kijiji cha Ujamaa hakiwezi kuwa na samaki makabaila na samaki makabwela! Nikolaus, pumba unakula wewe!" Akaitisha mkutano Jumapili baada ya misa. Nikolaus akionekana na hatia, ananyang'anywa bwawa, anapelekwa kuchochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku.

Mimi nikamwita Bwana Pumba. Lakini tangu siku ile shemeji aliacha kula. Ugali ulirudi jikoni kama ulivyokwenda, na kicheko kikanikauka. Nilimwonea huruma sana.

Mkutanoni alijitetea kwa maneno aliyofundishwa na bwana samaki, mtaalamu wa serikali kutoka Tabora: miili haifanani, mmoja huunguza chakula upesi, mwingine hukigeuza nyama.

"Hayo ya vitabuni," mzee Lugembe akamkata.

Flavia akasimama. Dada yangu, nisiseme uongo, akikaa kwenye benchi wengine huhama.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba."

"Sufuria yetu ni moja, napakua mimi. Huyu anakula mara tatu yangu. Mtazameni, kisha mnitazame mimi. Haya, mwizi wa ugali nani?"

Loo! Watu waliangua kicheko. Mzee Lugembe akakitazama kitambi chake, na kila mtu anajua yeye hudonoa kama kuku.

"Bwawa libaki kwake," akasema.

Nyumbani Nikolaus alikaa jikoni. Halafu akamuuliza dada yangu polepole, "Mama Marcelina, ugali upo?"

Flavia akainjika sufuria kubwa, akasonga huku analia.