Homa ya Kitanda cha Nane

Wewe ungemwogesha mgonjwa yeyote? Usikimbilie kujibu.

Mwanamke ninayeandika habari zake hapa angesema ndiyo, na angemaanisha. Wodini tulimwita Mama Sabuni. Kwa miaka ishirini na miwili ya uuguzi alitembea na kipande chake cha sabuni mfukoni, akiwaogesha vikongwe waliotelekezwa na wana wao huku akiwatania: "Bibi, leo nakutakatisha, kesho utaposwa." Nilipokuja kujifunza kazi, ndiye aliyenionyesha jinsi ya kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza.

Ila kitanda cha nane hakukigusa. Hapo alilala fundi cherehani mwenye virusi vya UKIMWI. Vidonge vyake Mama Sabuni aliviweka kwenye stuli, akavisogeza kwa kijiko.

"Mama, kumshika hakuambukizi," nikamwambia.

"Najua, mwanangu. Nilifundishwa hayo wewe hujaota meno."

"Sasa?"

"Sasa nini? Wenzake wameletewa maradhi na Mungu. Huyu kayafuata kwa miguu yake."

Hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa hajui, ningemfundisha. Alijua, na huruma alikuwa nayo tele, lakini aliipima kabla ya kuitoa.

Siku ya tatu fundi alinidaka mkono. "Kijana, naungua. Na daktari kasema kesho naruhusiwa, eti homa sina."

Nikachukua karatasi yake ya vipimo. Asubuhi na jioni, tangu alazwe: 36.8, 36.8, 36.8, kwa mwandiko mzuri wa Mama Sabuni. Hakuwahi kumwekea kipimajoto. Alikuwa akinakili namba iliyopimwa mapokezi siku aliyolazwa. Nilipompima mwenyewe, ilikuwa 40.1.

Nilimkimbilia daktari. Sindano zilianza alasiri ileile, lakini maambukizi yalikwishaenea kwenye damu. Nikampelekea Mama Sabuni ile karatasi.

"Mkono ulikuwa hauendi," akasema.

"Mbona kwenye kalamu ulikwenda?" nikafoka, wodi nzima ikasikia.

Asubuhi iliyofuata dada yake fundi alifika na shati lililopigwa pasi, la kaka yake kurudia nyumbani. Kitanda cha nane kilikuwa kimeshatandikwa upya. Mama Sabuni akamwahi mlangoni, akamvuta kifuani, machozi ya kweli yakimtiririka.

"Pole, mwanangu. Pole sana."

"Si mlisema homa hana?" dada mtu akauliza, uso ukiwa begani kwake.

Mama Sabuni akazidi kumkumbatia.