Udi kwenye Viatu vya Beki

Mwanangu alikuwa beki. Miaka ile ya themanini hakuna aliyempita kirahisi, si Malindi, si Kilifi. Wajukuu zangu wakimwona leo baba yao anavyopanda ngazi akishika ukuta, huniuliza kama ni kweli alicheza mpira. Nawaambia alicheza, tena klabu kubwa ya Mombasa. Wakiniuliza kwa nini wazee wa mtaani bado humwita Bwana Harusi, najitia nachagua mchele.

Shule mimi sikukaa. Nilisoma chuoni nikahitimu Kurani, na darasa la serikali nikalionja tu nikatolewa. Nilichojua ni kulea. Kwetu mtaa wa Barani, hapa Malindi, siku ya mtoto kutazamwa na wakwe huogeshwa akatakata, na nguo zake hufukizwa udi, ili wageni wapokewe na harufu nzuri kabla ya kahawa.

Siku hiyo mwanangu aliingia jikoni macho yanang'aa.

"Mama, Jumapili twacheza na Kilifi. Watu wa klabu ya Mombasa wanakuja kuniangalia. Wakiridhika, nimeondoka timu hii ya wavuvi!"

Nilijua ni mpira, si posa. Lakini mtoto wangu alikuwa akienda kusimama mbele ya macho ya wageni, na mimi kumwandaa mtoto najua njia moja. Tena viatu vyake vya mpira, alivyoachiwa na mtalii wa Kitaliano, vilinuka kama papa aliyesahauliwa juani. Asubuhi ya Jumapili alipokwenda kunyolewa, nikatia makaa kwenye chetezo, nikautoa ule udi niliouweka kwa harusi yake. Nikatandaza jezi na soksi juu ya kikapu cha kufukizia, viatu nikavipachika katikati, nikafunika kwa kanga. Nilifukiza mpaka nikakohoa. Aliporudi alikuta mfuko umefungwa, akaunyakua akakimbia.

Mimi na jirani yangu tukamfuata, tukasimama kwenye ukuta wa uwanja na mabuibui yetu. Mwanzo alicheza kama simba. Kisha jua likamkolea, jasho likatoka, na udi nao ukatoka. Fowadi wa Kilifi akaenda kumkaba, akarudi nyuma ameziba pua.

"Refa! Huyu kaja na dawa! Mnuse mwenyewe!"

Refa akasimamisha mchezo, akamvua mwanangu kiatu kimoja, akakinusa mbele ya uwanja mzima. Watu wa Kilifi wakaanza kelele: "Wachawi! Malindi wachawi! Hatuchezi!" Wetu nao wakaanza kuokota mawe.

Hapo ndipo damu ilinipanda. Nimuache mwanangu aitwe mchawi? Jirani akanivuta buibui, "Shoga, kaa!" Nikalivuta likamtoka mkononi, nikaingia uwanjani.

"Si dawa! Ni udi! Mimi ndiye mamake, nimemfukiza kwa mkono wangu!"

Refa akanitazama na kile kiatu mkononi. "Bi mkubwa, kiatu cha mpira hufukizwa kwa nini?"

"Si ameletewa wageni? Ulitaka aende akinuka?"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mtu akapiga kigelegele, mwanamume mzima. Mwingine akauliza mahari imekuwa mbuzi wangapi. Fowadi wa Kilifi akainama, "Karibu, bwana harusi!" Wale wageni wa Mombasa walikuwa wamekaa kivulini, mmoja alicheka mpaka akavua miwani afute machozi.

Mwanangu hakunitazama. Aliinama kufunga kamba za kiatu, akazifunga, akazifungua, akazifunga tena. Masikio yake yalikuwa mekundu. Mechi ilipoendelea, miguu ile haikuwa yake. Fowadi yuleyule akauinua mpira ukampita juu ya kichwa, mchezo wanaouita kumvisha mtu kanzu, akafunga bao. "Kanzu ya harusi hiyo!" wakapiga kelele. Wageni wakaondoka kabla ya kipenga cha mwisho.

Nyumbani hakunikaripia. Angenikaripia ningepata nafuu. Alikula, akanawa, akasema, "Mama, nakuomba kitu kimoja tu. Usije tena uwanjani."

Nikasema sawa, mwanangu.

Msimu uliofuata alikwenda Mombasa mwenyewe kujaribiwa, hakuna aliyemwita, na wakamchukua. Jina likamfuata. Nililisikia redioni, mtangazaji akisema Bwana Harusi kauzuia, Bwana Harusi kauondosha. Majirani wakinipongeza, kifua kinanijaa na uso unaniwaka, vyote pamoja. Mtoto wangu alicheza miaka yake yote, na mimi nilimwona kwa masikio.

Goti lilipokataa, wakamwandalia mechi ya kumuaga hapa hapa Malindi. Akatuma neno: Mama aje.

Nilioga kwa sabuni ya kipande. Buibui nililifua nikalianika mbali na jiko, chetezo nikakitia kabatini. Tangu niolewe sikuwahi kutoka nje sina udi mwilini. Nilijiona kama niko uchi.

Mechi ilipokwisha alikuja ukutani akichechemea, akanikumbatia mbele za watu. Akasita, akanusa bega langu.

"Mama, mbona leo hunukii? Waumwa?"

Nikamwambia kichwa kinanigonga.