Kioo cha Kuja Nayo

Katika soko letu la simu hapa Ikeja, mteja haulizi kama kioo ni kizuri. Anauliza kama ni cha kuja nayo, yaani kilitoka kiwandani na simu yenyewe, au kimebandikwa baadaye. Ukimjibu uongo, jirani yako atahakikisha soko zima limesikia. Mimi ndiye jirani wa Osaretin. Nauza makava, yeye anafungua simu, na ni miaka kumi na tisa sasa meza zetu zinagusana.

Osaretin ni mtu wa Benin, mpole, akishika bisibisi hata salamu haitikii. Mtandaoni ni mtu mwingine. Kule anaitwa Profesa Bisibisi na ana wafuasi elfu arobaini. Mashabiki wa simu za nembo nyekundu na wa nembo ya buluu hutukanana kutwa nzima, nani kaiga kamera ya nani, betri ya nani inavimba, kana kwamba kampuni hizo zitakuja kuwazika. Profesa akiandika, wananyamaza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililiona hilo mapema.

Mwezi wa tano simu za buluu zikaanza kutoa mstari wa kijani kwenye kioo kila zikisasishwa. Wekundu wakashangilia. Osaretin, ambaye moyoni ni wa buluu toka zamani, akaandika kwamba mstari ule hutokea kwenye vioo vya kuiga tu. Kioo cha kuja nayo hakiwezi kuutoa. Hakuwa amefungua hata simu moja yenye ugonjwa huo. Nilipomwuliza, akasema anaijua kampuni.

Wiki tatu baadaye akaja Iya Desola, yaani mama yake Desola, anayetupikia wali wa ofada pale karibu na benki, na simu kaifunga kwenye leso.

"Osas mwanangu, niangalizie hii. Gbolahan mwenye duka, aliyetuuzia, kakataa kunibadilishia. Eti nimeng'oa kioo chake nikaweka feki."

"Uliking'oa, Mama?"

"Ning'oe na nini, mwiko?"

Nilicheka. Mwenyewe hakucheka. "Ananionyesha maandishi ya profesa sijui gani. Kaniita mwongo mbele ya wateja wangu. Sasa watu wanakula huku wananitazama mikono. Na Desola, aliyeninunulia simu hii nilipotimiza sitini, juzi kaniuliza na yeye: mama, hukuipeleka kwa fundi kweli?"

Nikamtazama Osaretin. Alikuwa ameinamia meza.

Aliniambia nirekodi kwa simu yangu, maana stika ya ndani ikishachanika hakuna atakayekuamini. Akapasha kifuniko moto, akakibandua taratibu. Gundi ya kiwandani ilikuwa nzima, stika juu ya skrubu haijaguswa. Alichungulia kwa lenzi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni cha kuja nayo," akasema.

Mchana uleule aliiweka video mtandaoni na maneno mawili: Nimekosea, samahani. Wa buluu wakasema kahongwa na wekundu. Wengine wakaapa kwamba hii ni akaunti ya kuiga, Profesa wa kweli hakosei. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye alisukuma sahani yake ya wali pembeni.

Kesho yake tukaenda watatu mpaka dukani kwa Gbolahan.

"Mama, umerudi tena?" Gbolahan akasema. "Profesa kashamaliza maneno."

"Profesa ni mimi," Osaretin akasema. "Na nilikosea."

Gbolahan akamtazama, kuanzia kandambili mpaka kofia. "Acha utani, baba. Yule mtu yuko Kanada, ana maabara yake. Jana tu kuna feki mmoja kaandika kwa jina lake. Sasa wewe nitajuaje kama ni wa kuja nayo au umebandikwa?"

Osaretin alitoa simu yake, akaandika palepale kwa jina la Profesa, akiwa amesimama. Simu ya Gbolahan ikalia mezani. Akaichukua, akasoma kwa sauti: "Niko dukani kwa Gbolahan. Mama huyu ana haki. Mbadilishie."

Alisoma mara ya pili, kimoyomoyo. Kisha akageukia kabati, akatoa simu mpya, akamkabidhi Iya Desola kwa mikono miwili.

Iya Desola hakuipokea. Alikuwa amemgeukia Osaretin.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Wiki tatu, Osas. Na kila mchana unakuja kula kwangu."

Osaretin alitazama sakafu. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia.

"Basi andika jina langu," Iya Desola akasema. "Andika kwamba sikudanganya."

Osaretin akaandika, jina la mama lote, na kwamba mwongo alikuwa yeye mwenyewe. Ndipo mama akaipokea simu.

Yale maneno yake ya kwanza kuhusu vioo vya kuiga yalipendwa na watu elfu tisa. Haya yalipendwa na watu sita. Jioni, wakati anaosha masufuria, Iya Desola aliniomba nimsomee majina, maana miwani kaisahau nyumbani. La kwanza lilikuwa langu. La pili na la tatu sikuyajua. Nilipofika la nne, la Desola, mama akanishika mkono.

"Inatosha," akasema. "Hao wengine waache."