Duka Namba Kumi na Saba Lililokuwa Likijaa Sabuni

Wakuu, vuteni viti niwape ya mjomba wangu Pantaleo. Kaniruhusu mwenyewe, ila kasema nisimpambe.

Mwaka themanini na nne sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Watu walikuwa wanaanza foleni alfajiri na wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Lakini pale Mchikichini kulikuwa na duka moja la ushirika ambalo sabuni zilikuwa zinakosa pa kuwekwa.

Duka namba kumi na saba.

Msimamizi wake, Bi Kuruthumu, hakuwa na ndugu mwenye cheo wala hakuhonga mtu. Kila mgao ukitoka wenzake wanapata katoni mbili tatu, yeye anashushiwa mzigo mpaka anakalia maboksi.

Mgao wenyewe ulikuwa unapangwa na kompyuta. Na programu ya kompyuta hiyo, ofisi nzima iliamini, ilijengwa na mjomba.

Mjomba hakuijenga.

Ilikuwa hivi. Shirika lao la ugawaji, ofisi zao jirani na Mnazi Mmoja, lilipata kompyuta moja kwa kibali maalumu. Mjomba akamshauri Meneja Onesphory wanunue programu iliyo tayari. Kumbe kamchokoza.

"Ndugu Pantaleo, tununue kwa mabeberu halafu tuhubiri kujitegemea? Tutajenga yetu. Wewe si umesoma kozi?"

"Kozi ilikuwa ya kuiwasha na kuizima, Ndugu Meneja."

"Basi umeshapata pa kuanzia. Ukishindwa, kule Liwale ghala letu linatafuta karani."

Mjomba alikuwa ndiyo kwanza kaoa na kapanga chumba Magomeni. Liwale, huko porini kusini, hakutaka hata kuisikia.

Akahangaika na ile mashine wiki baada ya wiki. Kila anachoandika, mashine inamjibu kakosea. Akakonda mpaka mkewe akamshuku ana mwanamke.

Mwisho akaenda Kariakoo.

Mtaa wa Aggrey kulikuwa na fundi wa mashine za kuandikia, anaitwa Awadhi. Akachungulia nje kwanza, maana msako wa walanguzi ulikuwa haujapoa, kisha akatoa diski chini ya meza. Boksi lake limejaa Kiingereza.

"Mali ya nje hiyo, bwana mdogo. Inagawa chochote."

Mjomba akauza redio yake na kuinunua. Ndani hakugusa kitu. Maneno yanayoonekana kwenye kioo tu ndiyo aliyoyageuza Kiswahili, na juu kabisa akaandika: Imejengwa na Wafanyakazi.

Meneja alipoiona alitoa leso akajifuta macho. Mashirika mengine yakaja kutazama. Mjomba akapigwa picha, akasahau kabisa kwamba kaingia mjini na tiketi ya mwenzake.

Halafu ndiyo sabuni zikaanza kumiminika namba kumi na saba.

Wasimamizi wa maduka mengine wakanuna. Mtaani zikavuma habari kwamba Meneja kaweka nyumba ndogo Mchikichini. Mke wa Meneja akazipata, na siku hiyo Meneja alifika kazini shati halijapigwa pasi.

"Wewe ndiye uliyeijenga," akamwambia mjomba. "Ifungue urekebishe."

Mjomba akaifungua. Akaona mistari na namba zimepangana. Akaifunga.

"Inataka utulivu, Ndugu Meneja."

Meneja akampa wiki, akaongeza wiki, uvumilivu ukamwisha. Akaazima mtaalamu kutoka shirika la nguo, dada mmoja anaitwa Winifrida.

Winifrida akaketi, akaperuzi mistari kidogo, akacheka peke yake. Mjomba kijasho kikamtoka.

"Nani aliyeijenga hii?" akauliza.

"Kijana wetu huyu," Meneja akasema kwa fahari.

Winifrida akamwomba Meneja awatafutie chai.

Meneja alipotoka, mjomba akaanza kusali kimoyomoyo.

"Kaka, hii niliiandika mimi," Winifrida akasema taratibu. "Mwaka jana nilimletea meneja wako, akanifukuza mlangoni hata bila kunitazama usoni. Akasema hapa hakununuliwi kitu. Nikampelekea Awadhi, akanishauri niigeuze Kiingereza, la sivyo haitauzika. Wewe umeirudisha Kiswahili, tena kibovu."

"Na namba kumi na saba?"

"Mgao ukigawanyika, vinavyobaki vyote vinaenda huko. Niliiandika kwanza kwa ajili ya kazini kwetu, na huko namba hiyo ni duka ambako mama yangu anapanga foleni. Kwenu imeangukia Mchikichini."

Mjomba alitaka kucheka akashindwa, maana Liwale ilikuwa bado inamwita.

Meneja akarudi na chai. "Vipi?"

"Kosa dogo, nimeshalirekebisha," Winifrida akasema. "Programu hii imejengwa hapahapa nchini, naweza kuapa. Huyu kijana mpeni darasa, awafundishe wenzake kuanzia Jumatatu."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Kila jioni mjomba alikuwa anaenda kwa Winifrida kujifunza atakachokifundisha kesho yake. Alikuwa anachekwa, anafokewa, anarudia. Mwaka uliofuata akaandika programu nyingine kabisa, ya kwake kweli, mstari kwa mstari. Anasema usiku alioimaliza alilia kama mtoto.

Akampelekea Meneja.

Meneja hata hakuitazama. "Ndugu Pantaleo, upepo umebadilika. Biashara zinafunguliwa. Vya kujenga wenyewe vimepitwa na wakati, sasa tunanunua kwa wataalamu."

Mjomba akaichukua diski yake. Kisha akaenda kuandika barua ya kuacha kazi.

Mwezi uliofuata akarudi ofisi ileile na Winifrida, kavaa suti ya kuazima, diski mkononi. Meneja akanyanyuka, akamvutia kiti, akamwita mtaalamu, akainunua programu ileile aliyokuwa akipewa bure.

Miaka yote mjomba aliyomfanyia kazi, Meneja hakuwahi kumpa kiti.

Nami sasa naishi kwa kazi hizohizo, na wenye biashara hawachoki kuniuliza: tununue au tujenge? Nawajibu vyovyote sawa, mradi ofisini awepo anayejua kilichomo ndani na asiyeogopa kukifungua. Halafu nawauliza, huyo mtu wenu mmemkalisha wapi?