Muuza Uji wa Lango la Mashariki

Rogath anauza vitenge kwa jumla Kariakoo, na mdomo wake wateja wanaujua. Jumapili akitoka kanisani huupeleka mdomo huo ghorofani, stoo, ambako yeye na rafiki zake hukaa juu ya marobota wakicheza mchezo wa kusimulia. Yeye husimulia yanayotokea, wenzake kila mmoja ana mhusika wake, na dadu huamua nani kafaulu, nani kaumia.

Wiki ile alijipanga kwelikweli. Alikuwa na malkia, waziri msaliti na handaki la mitego.

"Mmefika lango la mashariki," akaanza kwa sauti nzito. "Mbele yenu jumba linang'aa. Pembeni mama mmoja anauza uji."

"Anaitwa nani?" akauliza Twaha, fundi simu.

Rogath akakodoa macho. Yule mama alikuwa pambo tu! Akauona mkasi wa vitambaa. "Bi Mkasi."

"Mbona ana huzuni?" Huyo alikuwa Sitara wa mtaa wa Upanga, ambaye tangu ajiunge alikuwa akirusha dadu na kunyamaza.

"Nani kasema ana huzuni?"

"Hajatuita. Muuza uji gani haiti wateja?"

Moyoni Rogath aliililia mitego ya handaki lake. Lakini Sitara alishasogea ukingoni mwa robota, macho yanawaka, nani angemkatisha? Mipango si matumizi. Akatunga papo hapo: sufuria ya Bi Mkasi imechukuliwa na askari wa lango. Twaha akataka vita. Sitara akaona bora wamsifie askari mpaka alainike, akarusha dadu, ikakubali.

"Malkia ndiye kaagiza sufuria," askari akakiri kwa mdomo wa Rogath.

"Malkia mzima? Ya nini?" akauliza Sitara.

Hapo Rogath akaanza kuuchezea ule mkasi, akitafuta sababu.

"Ana mimba," ikasema sauti kutoka kwenye ngazi. "Uji wa Bi Mkasi tu ndio unaokaa tumboni, na anaona aibu kusema."

Alikuwa Euphrasia, mkewe, aliyekuja kuwaita wakale ndizi, akasimama kusikiliza. Mchezo wao siku zote aliuita utoto wa watu wazima.

"Basi malkia ni wewe," akasema Rogath haraka. "Kaa."

Akakaa, akajitanda kitenge begani, akaanza kubishana na Sitara kuhusu bei ya sufuria. Bei haikushuka, vicheko vikapanda. Waziri msaliti hakupata hata sentensi moja, na Rogath, kidevu mkononi, alisikiliza tu, akifurahi kama mtoto.

Ndizi walizikuta zimepoa. Walizila hivyo hivyo, Sitara akiongea kuliko wote.